Bati la Mwenyekiti

Tangu achaguliwe mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, mume wa mshona sare hakuwa amemletea mtu yeyote hata tone moja, lakini gari lake lilikuwa likinywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Asubuhi dumu, jioni dumu. Mabomba ya mtaa yalikohoa upepo, wanawake wakapanga ndoo foleni tangu alfajiri, na Mwenyekiti akapita katikati yao na dumu lake begani, akafungua boneti, akamimina. Walimtazama mvuke ukimpanda usoni. Mmoja wao alisema, wala hakujisumbua kushusha sauti, kwamba angalau mtaa huu una mtu mmoja anayepata maji ya moto.

Mshona sare alikuwa barazani na cherehani yake. Alilisikia neno lile, akaendelea kushona kola ya shati la shule kama vile hakusikia. Ukiolewa na cheo, masikio unayaacha kwenu.

Gari lenyewe lilikuwa la umri wa kuamkiwa shikamoo. Mumewe alilinunua mnadani alipopunguzwa kazi kule ghalani, na kwa miaka mingi lilikwenda na kurudi bila kumsumbua mtu. Ugomvi wake na moto ulianza mwaka huu wa uchaguzi. Wiki ile ile aliyoshinda, Mwenyekiti alikwenda kwa mchora mabango akaagiza bati pana kama mlango wa kabati, la buluu, lenye maandishi meupe: MWENYEKITI, KAMATI YA MAJI. Chini ya maandishi alichorewa tone la maji, na mpaka leo hilo ndilo tone pekee lililotoka katika kamati hiyo. Fundi wa magari alilifunga bati mbele ya gari, kutoka taa hadi taa, kwa skrubu nne.

Haya yote yangekuwa mambo ya kuchekea tu kama si mama mkwe. Bibi huyo aliishi chumba cha nyuma. Jicho lake moja lilikwisha kufa zamani, na hili la pili lilifunikwa na mtoto wa jicho hata akawa anamtambua mjukuu kwa kumpapasa kichwa. Daktari bingwa wa macho alikuwa amekuja kwa muda mfupi katika hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima. Safari ya kwanza gari lilichemka katikati ya mlima, wakarudishwa nyumbani kwa kamba nyuma ya trekta la mchanga. Muuguzi wa huko aliwapa kwa simu nafasi nyingine, Alhamisi, siku ya mwisho ya daktari. Baada ya hapo ni mwakani. "Na hilo jicho," muuguzi alisema, "halitasubiri mwakani."

"Baba, Alhamisi twende na basi," mshona sare alimwambia mumewe jioni hiyo akimwekea chai.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini kana kwamba kimemng'ata. "Basi? Mama mzazi wa mwenyekiti abanwe na magunia?"

"Magunia ni afadhali," sauti ya mama mkwe ilitoka chumba cha nyuma. "Hayana maneno."

"Watu watasema nini wakimwona mama yangu kituoni?"

"Watasema anakwenda kutibiwa," mkewe alijibu. "Na akirudi watasema amepona."

"Wewe huelewi mambo ya uongozi," Mwenyekiti alisema, akachukua kikombe chake tena. "Gari litakuwa limepona kabla ya Alhamisi. Fundi ameshagundua ugonjwa."

* * *

Fundi alikuwa akigundua ugonjwa kila wiki. Kwanza ulikuwa kifuniko cha rejeta, pale panapopozwa maji ya injini, akakibadilisha. Halafu ukahamia kwenye mipira, kisha kwenye pampu ya maji. Themostati aliing'oa na kuitupa kichakani, akasema kidude kile ni cha watu wa nchi za baridi, sisi huku joto tunalo la kutosha. Sasa ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye rejeta yenyewe. Rejeta mpya ilinunuliwa kwa mashine ya ovaloki ya mshona sare, ile ya kufungia pindo, ambayo Mwenyekiti aliiuza kwa maelezo kwamba pindo za sare hazimfanyi mtoto afaulu mtihani.

Ndiyo maana siku ya kufunga rejeta mshona sare alibeba furushi la mashati na vifungo, akaenda mwenyewe gereji. Alitaka kuona mashine yake imegeuka kuwa kitu gani. Mwenyekiti aliwaacha hapo akawahi kikao cha dharura cha kamati, kilichoitishwa kujadili viti vya vikao.

Gereji ilikuwa kibanda cha mabati juu ya njia ya bomba kuu, mahali ambapo sheria ya kamati ilikataza hata kupanda mchicha. Kamati ilikuwa haijakiona kibanda hicho, ingawa kilikuwa kikubwa na kilipakwa rangi nyekundu.

Fundi alilifungua bati, akaliegemeza ukutani karibu na benchi la mshona sare. Akaitoa rejeta ya zamani, akaifunga mpya, akajaza maji na kuwasha injini. Ikanguruma. Mshona sare alishona kifungo, akatazama mshale wa joto kupitia mlango uliokuwa wazi. Akashona kingine. Fundi akala, akanawa mikono, akapiga soga na wapita njia, na injini iliendelea kunguruma na mshale umekaa katikati, umetulia kama mtoto aliyeshiba. Mashati yakaisha furushini. Moyo wa mshona sare ukalainika kidogo, akajisemea kwamba basi, mashine yake haikupotea bure.

Hapo fundi akalichukua bati, akalirudisha mahali pake, skrubu nne. Injini ilikuwa bado inanguruma. Mshona sare alikuwa hajamaliza kukunja mashati wakati mshale ulipoanza kupanda. Ulipanda bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda, ukaingia kwenye wekundu, na mvuke ukaanza kufuka pembeni mwa boneti.

Mshona sare alimtazama fundi. Fundi alitazama spana yake.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Litoe tena hilo bati."

"La nini tena, mama? Limekaa vizuri hivi."

"Litoe."

Akalitoa. Wakasimama wote wawili wakiutazama mshale ukishuka, taratibu, mpaka katikati.

"Kumbe ulikuwa unajua," mshona sare alisema.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mama, gari inapumua kwa mbele. Hilo hata anayeosha magari analijua. Ukishaiziba pua, feni itavuta nini?"

"Na pampu je? Na mipira? Na hii rejeta iliyokula mashine yangu?"

"Navyo vilikuwa vimechakaa." Alifikiri kidogo, kwa sababu hakuwa mwongo wa kupindukia. "Si sana, lakini vilikuwa vimechakaa."

"Kwa nini hukumwambia mwenzio?"

Fundi alielekeza kidevu chini, kwenye udongo waliosimama juu yake. "Hapa limepita bomba kuu, mama. Siku nitakayomwambia Mwenyekiti kwamba cheo chake ndicho kinachochemsha gari, kesho yake kamati itakiona kibanda changu. Mimi nina watoto. Rejeta ni rahisi kubadilisha kuliko mwenyekiti."

* * *

Mshona sare alimweleza mumewe usiku wakiwa mezani. Alieleza polepole, kwa adabu, akaanza na mshale na kumalizia na bati. Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mkewe hacheki.

"Kwa hiyo cheo changu ndicho kinachochemsha injini."

"Si cheo, baba. Ni bati."

"Bati limeandikwa nini?"

Mkewe akaondoa vyombo mezani. Kesho yake asubuhi Mwenyekiti alimwita fundi, akamsimamisha uani, hatua chache kutoka foleni ya ndoo. Maneno ambayo angeweza kuyauliza ndani aliyauliza pale nje, kwa sauti ya mkutano.

"Fundi, wewe umesema bati langu ni bovu?"

Fundi alimtazama Mwenyekiti, akamtazama mshona sare, akatazama upande kilipo kibanda chake. "Mimi? Hapana, mheshimiwa. Mama alinielewa vibaya. Mimi nilisema bati linapendeza, basi."

"Umesikia?" Mwenyekiti alimgeukia mkewe. "Shona sare zako. Injini tuachie wenye kazi yao."

Wanawake kwenye foleni walimwonea huruma mshona sare, na huruma yao ilimchoma kuliko maneno ya mumewe. Alirudi barazani, akakaa kwenye cherehani, na kabla mguu haujakanyaga pedali ile aibu ilikuwa imekwisha kugeuka hasira. Nyuma yake alimsikia fundi akitoa ushauri wa mwisho wa kitaalamu. Mkifika mlimani, washeni hita. Hita inavuta moto wa injini na kuuleta ndani.

"Mnaona?" Mwenyekiti aliuambia uwanja mzima. "Huo ndio ufundi."

* * *

Alhamisi walitoka mapema. Mwenyekiti alivaa koti lake la vikao. Mama mkwe aliketi nyuma amejifunika nguo yake ya safari, na mkoba wa nguo za kulala hospitali miguuni. Mshona sare alikaa karibu naye. Muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba adhuhuri daftari linafungwa, na asiyekuwepo jina lake linafutwa.

Walipoanza kupanda mlima Mwenyekiti akawasha hita. Jua lilikuwa kali, vioo vya nyuma vilikuwa havishuki tangu mpini wa kuvishushia ulipovunjika, na upepo wa moto uliwajia usoni kama wamefungua jiko. Mshona sare alihisi jasho likimtiririka mgongoni.

"Mwanangu," mama mkwe aliuliza, "mnanipeleka kutibiwa au mnanichemsha?"

"Vumilia, mama. Tunaipoza injini."

"Aha. Basi nami nikishaiva mtaniambia."

Dumu la akiba liliishia kituo cha kwanza. Kwenye kona ya pili gari lilitetemeka, likatoa mvuke, likazima. Chini kabisa bondeni zilionekana nyumba chache. Juu, mlima ulikuwa bado mrefu. Basi ambalo wangeweza kulipanda liliwapita likinguruma, na mshona sare akalitazama mpaka likapotea. Alitamani kulia, si kwa ajili ya gari.

"Nitashuka kuomba maji," Mwenyekiti alisema. Alichukua dumu, akafunga kifungo cha koti, akateremka kwa miguu. Mwenyekiti wa maji alikwenda kuomba maji, na mlima wote haukuwa na mtu wa kumcheka ila mkewe, ambaye siku hiyo hakuwa na nafasi.

Alipopotea machoni, mshona sare alifungua mkoba wake akatoa bisibisi ndogo ya cherehani. Akapiga magoti mbele ya gari.

"Unafanya nini huko?" mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Natoa bati, mama."

"Bati gani?"

"Lenye cheo cha mwanao."

"Hee! Mimi nilidhani kimeandikwa kwenye paji la uso, maana kila akiongea nakisikia."

Skrubu tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa imeota kutu, ikampasua ngozi ya kiganja, akaing'ang'ania huku akimtukana fundi taratibu, tusi kwa kila mzunguko, mpaka ikaachia. Bati lilikuwa la moto. Alilifuta vumbi kwa mazoea ya mtu wa usafi, akafungua mlango wa nyuma.

"Mama, inuka kidogo."

Mama mkwe akainuka, bati likalala kitini, akalikalia na kulifunika kwa nguo yake.

"Cheo hiki ni kigumu," alisema, akijiweka sawa.

Mwenyekiti alirudi akitweta, koti begani na maji nusu dumu. Hakutaka kusema, lakini lilimkaa kooni. "Yule bibi kule chini nimemwambia mimi ni nani. Akaniuliza, mwenyekiti wa maji gani anatembea na dumu tupu?" Akamimina maji kwenye rejeta kwa uchungu, wala hakuinama kutazama mbele ya gari. Hasira zina upofu wake.

Wakaondoka. Kona ya tatu, ya nne. Mshona sare aliukodolea macho mshale juu ya bega la mumewe. Ulipanda hadi katikati, ukakaa. Mlima uliongezeka ukali, mshale haukujali. Mwenyekiti akazima hita, akaanza kupiga mluzi.

"Nilisema mimi! Rejeta mpya lazima izoee kwanza."

Mshona sare aliuma mdomo.

"Kweli, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka juu ya bati. "Kila kitu kinataka kuzoewa."

* * *

Kwenye lango la hospitali mlinzi aliinua mkono. "Magari ya viongozi tu. Mengine yaegeshwe kule nje."

"Kijana, huwezi kusoma?" Mwenyekiti alitabasamu. "Hebu tazama mbele ya gari."

Mlinzi akaenda mbele, akainama, akatazama sana, akarudi. "Mbele kuna matundu manne, mzee."

Mwenyekiti aliruka kutoka garini. Alisimama mbele ya gari lake akiwa ameshika kichwa, kama mtu aliyekuta nyumba imevunjwa. "Nimeibiwa! Wameniibia mlimani! Ni wale watu wa bondeni!" Akarudi kwenye usukani. "Tunageuza. Kwanza polisi."

"Baba, adhuhuri inafika."

"Dakika chache tu! Bila lile bati mimi ni nani hapa? Hata langoni siingii!"

Mshona sare alimtazama mumewe, akaona kwamba hatanii. Mtu mzima, mwana wa bibi huyu, alikuwa tayari kuligeuza gari. Alifungua mlango, akamshika mama mkwe mkono, akamteremsha. Nguo ya safari ikavutika, na pale kitini likabaki bati la buluu, na tone lake limeng'aa kwa kukaliwa.

Mwenyekiti aliachia usukani.

"Bati lako hilo hapo," mkewe alimwambia. "Mama yako naingia naye."

Mlinzi aliwapisha. Walitembea uwanja wote wa hospitali mkono kwa mkono, mshona sare akivuta na mama mkwe akihema, wakamkuta muuguzi amekwisha kufunga daftari na kalamu ameiweka sikioni. Aliwatazama, akatazama saa ukutani, akatazama kiganja cha mshona sare kilichokuwa kinatoka damu. Akalifungua daftari tena.

* * *

Bandeji ilipofunguliwa, mama mkwe alikaa kitandani muda mrefu akizungusha jicho lake moja kama mtu anayekagua nyumba aliyokuwa ameipangisha. Kisha likatulia kwa mkwewe.

"Kumbe una mvi!"

"Nimeishi na mwanao, mama."

Walicheka mpaka mshona sare akalia, akajifuta machozi kwa pindo la shuka la hospitali.

Mwenyekiti alikuja kuwachukua. Aliuliza habari ya jicho, akashukuru Mungu, lakini habari ya bati hakuigusa. Lilikuwa kwenye buti la gari, limezungushiwa gazeti. Gari lilipanda mlima na kushuka bila hata kukohoa, mshale katikati, na njia nzima mama mkwe alitaja kila alichokiona, mbuzi, nguzo, mtoto mwenye shati jekundu, kwa furaha ambayo hata Mwenyekiti ilimfanya atabasamu kwa kujisahau.

Karibu na kona ya kuingilia mtaani alisimamisha gari bila kuzima injini. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Nipe hiyo bisibisi."

"Baba…"

"Kutoka hapa hadi nyumbani ni karibu. Watu wakiniona bila bati watasema nimevuliwa." Sauti yake ilishuka kidogo. "Ghalani nilivuliwa, nikanyamaza. Mara ya pili siwezi."

Mshona sare alimhurumia, kweli alimhurumia, na akampa bisibisi. Mama mkwe alisogea dirishani akamwangalia mwanawe akipiga magoti barabarani na koti lake, akikaza skrubu moja baada ya nyingine. Alikuwa hajamwona kwa muda mrefu.

Walikata kona, bati mbele. Nyumba haikuwa mbali, hilo lilikuwa kweli, lakini barabara ilikuwa na mashimo, na mbele yao kulikuwa na mkokoteni wa kuni usiotaka kupisha. Walikwenda mwendo wa maiti. Walipofika mbele ya foleni ya ndoo, mshale ulikuwa umefika ulikokuwa ukienda siku zote. Gari lilitoa mvuke mwingi kuliko siku zote, ukafunika bati, ukafunika boneti, ukafunika heshima yote, na gari likazima.

Halafu sauti kutoka kwenye foleni: "Jamani, Mwenyekiti ametuletea maji! Leteni ndoo!"

Mtaa ulipasuka kwa kicheko. Mwenyekiti aliteremka, akatafuta uso wa mtu wa kumsaidia, hakuupata. "Mama watoto," alisema kwa sauti ndogo, "shukeni mnisukumie. Ni hapa tu."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mama mkwe alikuwa ameshatia mguu chini. "Ngoja nikushike mkono, mama," mshona sare alisema.

"Wa nini? Naona njia."

Akazunguka mbele ya gari peke yake, akasimama kwenye mvuke uliokuwa unapungua. "Hapa wameandika nini?"

"Mwenyekiti, kamati ya maji."

Mama mkwe akalitazama tone lililochorwa, akazitazama ndoo kavu, safu nzima mpaka mwisho, akamtazama mwanawe. "Tone zuri," alisema. "Mchoraji anaijua kazi yake." Akashika njia ya nyumbani.

Mshona sare alimnyooshea mumewe mkono. "Bisibisi yangu, baba. Cherehani inanisubiri, na ovaloki sina."

Aliitoa mfukoni akampa, akiwa amezoea kutii mkono ulionyooshwa mbele za watu. Alipogundua alichokitoa, walikuwa wamekwisha kumpita. "Ngoja kwanza! Mama watoto!" Mshona sare hakugeuka. Mama mkwe ndiye aliyegeuka, kwa kuwa alikuwa na jicho jipya na alitaka kulitumia.

"Anafanya nini?" mshona sare aliuliza.

"Amepiga magoti," mama mkwe alisema. "Anafungua skrubu kwa kucha."